Indiketa ya Gari Macalder: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Dereva wa Probox anayefanya safari kati ya Migori na Macalder hupinda mara nyingi kabla ya kufika. Anapinda kuingia njia ya machimbo ya Osiri, anatoka barabarani kumshusha mama anayerudi kutoka sokoni na magunia yake, kisha anarudi tena barabarani. Nyuma yake kuna bodaboda aliyebeba wachimbaji wawili na sururu zao, na mbele kuna lori linalokuja katikati ya vumbi. Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kila anayepinda kulia hukata njia ya anayekuja mbele, na pia njia ya yule wa nyuma aliyekwisha amua kumpita. Huyo wa nyuma hamsikii dereva wala haoni uso wake. Anachokiona ni taa ndogo ya rangi ya chungwa, na isipowaka ataendelea na mwendo wake.

Kwa sababu hiyo indiketa si kitu cha kutengeneza mwezi ujao. Ni kazi ya leo, na mara nyingi ni kazi ya dakika chache na pesa kidogo. Kinachoifanya iwe ghali ni pupa: dereva anabadilisha kifaa kimoja baada ya kingine bila kujua ugonjwa uko wapi, au anamwachia kijana wa gereji akate nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Ndugu dereva, fuata masharti haya kwa mpangilio huu.

Angalia kabla ya kufungua chochote. Egesha mahali tambarare, pandisha breki ya mkono, washa ufunguo bila kuwasha injini. Washa indiketa ya kushoto, shuka, zunguka gari. Tazama taa ya mbele, ya pembeni kama ipo, na ya nyuma. Rudia upande wa kulia. Kisha washa hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, na uzunguke tena. Kama huna mtu wa kukusaidia, egesha karibu na ukuta jioni, mwanga utaonekana ukutani. Usitegemee mshale unaowaka kwenye dashibodi peke yake, kwa maana unaweza kuwaka vizuri huku taa ya nyuma imekufa.

Hesabu pia mapigo. Kiwango cha kimataifa ni mapigo 60 hadi 120 kwa dakika moja, yaani 30 hadi 60 ndani ya nusu dakika. Andika ulichokiona, kwa sababu ndicho kitakachokuonyesha pa kuanzia. Upande mmoja ukifa na mwingine ukiwa mzima, fyuzi na flasha (kifaa kinachopepesa taa) kwa kawaida ni nzima, na kosa liko kwenye balbu, soketi au waya wa upande huo. Pande zote mbili zikifa lakini hazadi inafanya kazi, shuku fyuzi ya indiketa au swichi ya usukani, kwani kwenye magari mengi hazadi hupata umeme kwa njia yake hata ufunguo ukiwa umetolewa. Zikifa indiketa pamoja na hazadi, hapo ndipo flasha inapostahili kushukiwa, baada ya fyuzi zake.

Usipuuze indiketa inayokwenda mbio. Kuna madereva wanaoizoea sauti hiyo ya haraka haraka wakasema gari liko hivyo tangu linunuliwe. Haliko hivyo. Mbio hizo ni ripoti, na zimewekwa na watengenezaji makusudi. Balbu moja ya indiketa kwenye gari dogo ni ya wati 21, na kwa volti 12 hula takriban ampia 1.75. Upande mzima una balbu mbili za namna hiyo na mara nyingi ndogo ya pembeni ya wati 5, jumla wati 47, karibu ampia 4. Balbu ya nyuma ikiungua zinabaki wati 26, na mkondo unashuka hadi ampia 2 na kitu. Flasha ya kielektroniki inaona upungufu huo na kuongeza kasi ili dereva ajue. Flasha za zamani, zinazofanya kazi kwa bamba la metali linalopata moto na kupinda, mara nyingi hupepesa polepole au hukwama zikiwa zimewaka. Kwa vyovyote vile, mapigo yakibadilika, kuna taa ambayo watu hawaioni.

Usinunue flasha kabla ya kutoa balbu. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Indiketa inakwenda mbio, dereva anasikia mlio unatoka chini ya dashibodi, anadhani kinacholia ndicho kibovu. Anaagiza flasha kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, anasubiri basi la usiku, anaifunga, na mbio ziko pale pale. Flasha ilikuwa ikifanya kazi yake. Na magari mengi ya miaka ya karibuni hayana flasha ya kuchomoa kabisa, kompyuta ya gari ndiyo inayopepesa taa na hata mlio hutoka kwenye spika.

Toa balbu, uitazame, usiitikise tu. Zima ufunguo kwanza. Iache ipoe, kwa sababu balbu iliyokuwa ikiwaka huunguza vidole. Za kitako cha chuma husukumwa ndani kidogo na kuzungushwa, za kitako bapa huvutwa moja kwa moja. Tazama uzi wa ndani dhidi ya mwanga wa mchana. Uzi uliokatika utauona, na kioo kilichopata weusi au rangi ya maziwa kimekwisha. Balbu ikionekana nzima, usiihukumu kwa macho. Ihamishe kwenye soketi ya upande unaofanya kazi. Ikiwaka huko, ni nzima, na ugonjwa uko kwenye soketi ulikoitoa. Kipimo hiki hakina gharama.

Weka balbu iliyoandikwa kama ile uliyoitoa. Soma kitako chake: volti, wati, umbo. Malori mengi makubwa yanayobeba mawe na mchanga huku kwetu hutumia volti 24, na magari madogo volti 12. Balbu ya volti 12 ukiitia kwenye lori la volti 24 inaungua papo hapo. Ya volti 24 ukiitia kwenye Probox inawaka kwa kufifia, na mchana wa jua la Nyatike hakuna atakayeiona. Usilazimishe balbu ya nyuzi mbili, ile ya wati 21 na 5 ya taa ya breki, iingie kwenye soketi ya uzi mmoja. Vijino vya kitako vimepangwa tofauti ili isiingie, na anayevikata kwa plaisi anajitengenezea shoti.

Rangi nayo ina sharti lake. Kava la taa likiwa la rangi ya chungwa, balbu iwe nyeupe. Kava likiwa jeupe, balbu iwe ya chungwa. Balbu ya chungwa ikichujuka itoe, hata kama bado inawaka, maana taa nyeupe inayopepesa upande wa mbele usiku haitofautishwi na tochi ya mpita njia. Usipake balbu rangi ya kucha. Usizibe kava lililovunjika kwa selotepu nyekundu. Anayekuja nyuma yako ataona wekundu na kudhani unafunga breki, kumbe unapinda.

Balbu ikiwa nzima, chunguza ethi kabla ya kulaumu kitu kingine chochote. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barabara zetu ndizo zinazoua ethi. Umeme wa taa huja kwa waya wa moto, unapita kwenye balbu, halafu lazima urudi kwenye ncha hasi ya betri. Gari lina njia fupi ya kuurudisha: waya mfupi hufungwa kwa skrubu kwenye bodi ya chuma, na bodi yenyewe inakuwa njia. Hiyo ndiyo ethi. Sasa fikiria gari linaloshinda kwenye vumbi la changarawe miezi ya kiangazi, likaingia kwenye matope meusi mvua ikianza, likaoshwa mtoni kwa ndoo na sabuni, halafu likarudi kwenye mitikisiko. Skrubu inalegea, rangi ya bodi inabanduka, kutu inaota kati ya waya na chuma. Balbu ni nzima, waya wa moto ni mzima, fyuzi ni nzima, na taa haiwaki au inawaka kwa unyonge.

Dalili za ethi mbovu ni za ajabu, na ndiyo maana huwachanganya hata mafundi. Unakanyaga breki, indiketa ya nyuma inawaka kidogo. Unawasha indiketa, taa ya nyuma nyekundu inapepesa nayo. Unawasha taa kubwa, indiketa inapungua nguvu. Sababu ni moja: umeme ukikosa njia yake ya kurudi hupitia kwenye balbu ya jirani kutafuta ethi ya huko. Ukiona taa mbili zinazopaswa kutojuana zinawaka pamoja, usiguse swichi wala flasha. Nenda moja kwa moja kwenye ethi ya taa hiyo ya nyuma.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Chukua kipande cha waya. Ncha moja iguse upande wa ethi wa soketi, nyingine iguse chuma kitupu cha bodi kisicho na rangi, indiketa ikiwa imewashwa. Taa ikipata nguvu na kupepesa sawasawa, umeshampata mwizi. Hakikisha tu kwamba hujagusa waya wa moto kwa kipande hicho, la sivyo utaunguza fyuzi. Mwenye mita aipime volti kati ya ethi ya soketi na ncha hasi ya betri taa ikiwa inawaka. Isomeke karibu na sifuri. Ikisomeka volti nzima au zaidi, umeme unapotelea kwenye kutu.

Tiba yake: fungua skrubu, piga msasa bodi na kichwa cha waya mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, kisha paka grisi kidogo juu yake kuzuia maji. Usipake grisi juu ya kutu ukadhani umetengeneza. Na usifunge ethi kwenye plastiki wala juu ya rangi mpya ya bodi. Gari lililonyooshwa na kupakwa rangi upya baada ya ajali likikosa indiketa, anza hapo.

Safisha soketi. Ndani ya soketi kuna kibanzi cha shaba kinachogusa kitako cha balbu. Kikiota ukijani au kikibonyea, mguso unakosekana, na taa inawaka kwenye lami na kuzima kwenye mashimo. Kikwangue kwa msasa laini na ukinyanyue kidogo, ufunguo ukiwa umezimwa. Soketi iliyoyeyuka kwa joto haisafishwi, ibadilishe.

Maji yakionekana ndani ya kava, usitoboe tundu chini ili yatoke. Tundu hilo litaingiza vumbi msimu mzima. Tafuta mpira wa kuzuia maji uliochanika au ufa uliosababishwa na kugongwa.

Usiweke waya, karatasi ya sigara wala msumari mahali pa fyuzi. Kwa hili sitakuwa na maneno laini. Fyuzi imewekwa ikatike ili waya usishike moto. Anayeiziba kwa waya wa shaba ameondoa ulinzi huo, na nyaya za dashibodi hupita karibu na magoti yake na juu ya mazulia. Ukiwa na abiria tisa kwenye gari la watano, na wawili kwenye buti, hakuna mlango utakaowatosha moshi ukianza.

Jifunze rangi za fyuzi za vijino bapa: kahawia isiyokolea ni ampia 5, kahawia ni 7.5, nyekundu ni 10, buluu ni 15, manjano ni 20, nyeupe ni 25, kijani ni 30. Soma mfuniko wa sanduku la fyuzi uone gari lako limetaka ngapi, uweke hiyo hiyo. Ikikatika, weka nyingine mara moja tu. Ikikatika tena, kuna shoti. Acha kuongeza ampia, tafuta waya uliochunika. Mara nyingi utaukuta mahali unapopita kwenye tundu la chuma bila mpira, kwenye bawaba za mlango wa nyuma kwa magari ambayo taa zake ziko mlangoni, au pale mtu alipofunga redio, king'ora au taa za urembo akachukua umeme kwenye waya wa kwanza aliouona. Ondoa kwanza hayo yaliyoongezwa, halafu pima.

Usitoboe waya kwa pini ya testa. Tundu lile halionekani, lakini maji huingia, na baada ya miezi kadhaa shaba inageuka unga wa kijani ndani ya plastiki. Pima kwenye soketi au kwenye kiungio. Kama fundi anataka kuchoma nyaya sindano kila baada ya sentimita kumi, mzuie. Gari ni lako.

Usisokote nyaya na kuzifunga kwa karatasi ya nailoni. Kiungo cha kusokota kinalegea kwa mtikisiko, na nailoni haizuii maji. Lehemu kiungo hicho, au tumia viunganishi vya kubana, kisha kivishe mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu ya umeme peke yake ni ya kukufikisha gereji. Tumia pia waya wa unene ule ule uliokuwapo. Waya mwembamba wa spika kwenye taa ya indiketa unapata moto na kuinyima taa nguvu.

Swichi ya usukani usiifungue kienyeji. Swichi huchoka kweli: migusano yake huliwa, kipande cha plastiki kinachorudisha mkono baada ya kona huvunjika. Dalili yake ni indiketa inayowaka ukishika mkono kwa namna fulani tu. Lakini kwenye usukani wa gari la kisasa kuna mfuko wa hewa, na mfuko huo hulipuka kwa nguvu ya kumvunja mtu uso. Toa kwanza waya wa hasi wa betri na usubiri. Toyota hutaka sekunde 90 kwa uchache kabla ya kugusa chochote pale. Viungio vya manjano chini ya usukani ni vya mfuko wa hewa. Usivipime kwa testa, usivikate, usiazime umeme kwavyo. Fundi asiyejua hili asiguse usukani wako, hata awe na bei nzuri namna gani.

Na mkono wa indiketa usiorudi wenyewe baada ya kona ni ubovu pia. Indiketa iliyosahauliwa ikiwaka kwa kilomita mbili humdanganya mwenye pikipiki anayetoka njia ya pembeni. Anadhani unaingia kwake, anatokeza mbele yako.

Kuhusu taa za LED, nunua kwa akili. Vijana wanazipenda kwa sababu zinang'aa na hazili umeme. Hapo hapo ndipo tatizo lilipo: flasha inaona mkondo mdogo, inadhani balbu imeungua, inakwenda mbio. Suluhisho safi ni flasha ya kielektroniki isiyotegemea uzito wa mkondo, kwa magari yenye flasha ya kuchomoa. Suluhisho la rezista, zile za omu 6, linafanya kazi lakini rezista hiyo hugeuza wati zaidi ya 25 kuwa joto. Ukiifunga ifunge kwenye chuma, mbali na plastiki na mbali na nyaya. Usiiache ikining'inia ndani ya kava. Kwa maoni yangu, anayefanya kazi kwenye barabara ya vumbi abaki na balbu za kawaida, ambazo duka lolote la vipuri la Migori, Rongo au Homa Bay huwa nazo.

Futa taa. Kila unapoegesha kujaza abiria, pitisha kitambaa chenye maji juu ya taa zote. Vumbi la njia ya Macalder na Karungu hufunika kava mpaka indiketa nzima kabisa inakuwa haina maana. Kazi hii mpe kondakta, iwe sehemu ya ajira yake.

Wenye bodaboda, msitoe indiketa zenu. Pikipiki nyingi hupoteza indiketa zake baada ya kuanguka mara ya kwanza, kisha mwenyewe anakata nyaya zilizobaki ili zisilete shoti. Rudisha. Balbu zake nyingi ni za volti 12 na wati 10. Ukiweka za wati tofauti, mapigo yanaharibika kama kwenye gari. Betri ikiwa imekufa, pikipiki nyingi bado huwaka kwa teke, lakini indiketa hupepesa kwa kufuata kasi ya injini au hazipepesi kabisa, na mwenye pikipiki huanza kulaumu flasha wakati kinachohitajika ni betri. Na kumbuka kuizima kwa kidole, kwa sababu pikipiki nyingi hazina kifaa cha kuizima baada ya kona.

Tela lisitoke bila taa. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, lakini dhahabu bado inachimbwa kwa mikono kandokando yake, na mawe bado yanasafirishwa kwenda kusagwa. Huku Mikei na Osiri trekta zinavuta matela ya mawe na mchanga. Ukienda upande wa Awendo, zinavuta miwa. Tela linaziba kabisa indiketa za trekta. Aliye nyuma haoni kitu, na tela lenyewe ni refu, linapinda polepole, linachukua barabara nzima. Kwa kutazama ajali tu, hili ndilo jambo la hatari kuliko yote niliyoyataja.

Kiungio cha kawaida cha tela cha matundu saba kina mpangilio unaojulikana. Tundu la 1, waya wa manjano, ni indiketa ya kushoto. La 4, waya wa kijani, ni ya kulia. La 3, waya mweupe, ni ethi. Taa za tela zikichanganyikiwa zote kwa pamoja, tazama ule mweupe kwanza. Usitegemee chuma cha kuvutia tela kuwa ethi, kwa sababu kimejaa grisi na kinacheza kila hatua. Ukiongeza taa za tela, flasha ya gari dogo inaweza kuzidiwa. Weka flasha iliyotengenezwa kwa kubeba tela. Na kiungio kikichomolewa kifunikwe, kisiburuzwe chini.

Usitumie hazadi badala ya indiketa. Mvua ya ziwani ikipiga, madereva wengi huwasha hazadi na kuendelea na safari. Wakifanya hivyo wamejinyima uwezo wa kuonyesha upande wowote. Hazadi ni ya gari lililosimama mahali pa hatari. Kwenye mvua washa taa kubwa za kawaida na upunguze mwendo.

Usipite kwa sababu tu lori limekuwashia indiketa. Madereva wa malori wana desturi yao: indiketa ya kushoto kumwambia wa nyuma apite, ya kulia kumzuia. Desturi hiyo haimo katika sheria, na dereva wa lori anaweza kuwa anapinda kweli. Mwenye lori naye aache kuwaongoza watu kwa taa ambayo maana yake ni kupinda. Kabla ya kupita, tazama barabara kwa macho yako mwenyewe.

Indiketa ikifa njiani, tumia mkono, na uende moja kwa moja kwa fundi. Mkono wa kulia ulionyooshwa nje ya dirisha maana yake unapinda kulia. Ukiuzungusha kinyume cha saa, unapinda kushoto. Ukiupandisha na kuushusha, unapunguza mwendo. Jua likizama mkono hauonekani. Kwa hiyo usiku sharti ni kuegesha.

Ukifika kwa fundi, mweleze dalili, usimwambie cha kubadilisha. Mwambie taa gani, upande gani, inakwenda mbio au imekufa, ilianza baada ya mvua, baada ya kuoshwa au baada ya kufunga redio. Mtake akuonyeshe kifaa kibovu mkononi kabla ya kulipa. Kisha zunguka gari tena kama ulivyofanya mwanzo, kushoto, kulia, hazadi, breki, huku naye akitazama. Weka kwenye gari balbu mbili za akiba, fyuzi za kila rangi unayotumia, bisibisi, kipande cha msasa na testa.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 55, hairuhusu gari na vifaa vyake kuwa barabarani katika hali inayoweza kumhatarisha mtu. Mwenye gari linalokaguliwa mara moja kwa mwaka asisubiri siku hiyo ndiyo aazime balbu. Polisi wa kizuizi cha barabarani akikuonyesha taa iliyokufa, ishukuru nafasi hiyo uitengeneze. Usimpe noti ili uendelee nayo hadi Rodi Kopany, ambako njia za Homa Bay, Rongo na Ndhiwa zinakutana na kila mtu anahitaji kujua mwenzake anaelekea wapi.

Wamiliki wa magari ya abiria nao wasijifiche nyuma ya dereva. Mnapokea hesabu kila jioni. Ulizeni taa jioni hiyo hiyo, na mkiambiwa moja imekufa, gari lisitoke alfajiri mpaka iwake.